Ukiulizwa Habari za Maktaba, Sema za Kwako

Wiki tatu zilizopita nilikaa barazani kwangu, Shangani ya hapa Mtwara, na muuguzi mmoja niliyemfundisha Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Anajiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, na aliniomba nimsikilize sehemu ya kuongea, maana hiyo ndiyo inayomnyima usingizi. Muuguzi anayetaka kusajiliwa Uingereza anadaiwa alama 7 kati ya 9 katika kuongea, na ada ya mtihani si ya kurudia rudia.

Nikamuuliza kwa Kiingereza swali jepesi kabisa: huwa unakwenda maktaba? Akakaa wima, akaweka mikono mapajani, sauti ikabadilika. Akaniambia, karibu bila kupumua, kwamba huenda maktaba kila mwisho wa juma kwa sababu mazingira yake ni tulivu, kwamba vitabu hupanua upeo wa fikra, na kwamba maktaba ni hazina ya maarifa kwa jamii.

Kiingereza kilikuwa safi. Nikamgeukia kwa Kiswahili. "Maktaba ipi hiyo, mwanangu?"

Akanyamaza kidogo. "Madam, kusema kweli sijaingia maktaba tangu nimalize kidato cha nne."

"Na kabla ya hapo?"

Hapo ndipo alipoanza kuongea. Walikuwa wasichana wanne. Kila Jumamosi walibeba madaftari na pasti pepa kwenye mfuko wa rambo, wakiwahi meza ya dirishani kwa sababu ya upepo. Kulikuwa na kamusi moja ya Kiingereza isiyo na jalada, wakiipokezana, na ole wake aliyekaa nayo muda mrefu. Mama wa mapokezi aliwaandika majina kwenye daftari kubwa, na wakicheka aliwanyamazisha kwa jicho tu. Msimu wa korosho ukifika, yeye alizikosa Jumamosi kadhaa kwa sababu nyumbani walimhitaji shambani kuokota, na wenzake walimnakilia walichosoma kwa mwandiko ambao mpaka leo anaukumbuka. Aliongea kama dakika nne. Mikono ilikuwa haiko tena mapajani.

"Hilo ndilo jibu," nikamwambia.

Hakuniamini. Naandika haya kwa sababu yake, na kwa sababu ya wengine wengi niliowasikiliza hapa Mtwara na Lindi wakilitupa jibu zuri na kuokota la kukariri.

Tuutazame mtihani wenyewe. Ni mazungumzo ya ana kwa ana na mtahini mmoja, dakika 11 hadi 14, na yanarekodiwa. Sehemu ya kwanza, dakika 4 hadi 5, ni maswali ya maisha ya kawaida: kwenu, kazi yako, masomo yako, na mambo kama hayo ya maktaba. Sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, unapata dakika 1 ya kujiandaa na karatasi ya kuandikia dondoo, kisha unaongea peke yako dakika 1 hadi 2. Sehemu ya tatu mnajadiliana kwa upana zaidi juu ya mada ileile. Mtahini anapima mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi.

Katika hayo manne hakuna alama ya kuwa msomaji mzuri. Hakuna alama ya kupenda vitabu. Mtu anaweza kusema hajakanyaga maktaba miaka kumi, akaeleza kwa nini, akaeleza anasomea wapi badala yake, na akapata 8. Mwingine anaweza kudai anakwenda kila siku akabaki na 5, kwa sababu sentensi zake hazikutoka kwake, na mtahini akimuuliza swali moja la nyongeza ukuta unaanguka.

Kwa nini basi tunadanganya? Mimi naona ni aibu. Swali la maktaba linatuingia kama swali la tabia njema, kama vile mzee anakuuliza kama unasali. Aliyesoma Newala au Liwale, kwenye shule yenye kabati moja la vitabu lililofungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa mwalimu wa taaluma, anahisi hana la kusema mbele ya mgeni. Lakini analo! Ana kabati, ana kufuli, ana ufunguo na mwalimu aliyeutunza. Ana siku lile kabati lilipofunguliwa. Hakuna mtu mwingine duniani atakayelisema hilo siku hiyo, na mtahini aliyesikia habari za hazina ya maarifa tangu asubuhi atainua kichwa.

Tuseme pia ukweli juu ya maana ya kwenda maktaba huku kwetu. Wengi wetu hatuendi kuazima kitabu. Tunakwenda kutafuta meza, mwanga na kimya. Nyumbani chumba ni kimoja, wadogo wanalia, redio ya jirani iko juu, na ukionekana umekaa unatumwa dukani. Kwa hiyo unabeba madesa yako mwenyewe unakwenda kubukua mahali ambapo hakuna atakayekuita. Sioni kwamba tabia hiyo ni duni. Ndiyo inayofanana na maisha yetu, na ukimweleza mtahini kwamba wewe hufuata meza kuliko vitabu, umeshamfungulia mlango wa kukuuliza kwa nini, nawe una majibu tele. Na ukikumbuka kwamba kijana wa Chikongola akisikia neno laibrari huenda akafikiria kwanza kibanda cha kuwekewa muvi kwenye flashi, mwambie na hilo. Ni habari ya kweli juu ya lugha na mji wako.

Kinachowaangusha watu wetu kwenye mada hii ni kitu kingine, na madesa yanayozunguka WhatsApp hayakigusi kabisa. Ni vitenzi. Kiswahili kinatosheka na kuazima kwa anayetoa na anayepokea. Nimeazima kitabu, tafadhali niazime kitabu. Muktadha unatutosha. Kiingereza kimegawanya kazi hiyo: anayechukua ana borrow, anayetoa ana lend. Nimesikia watu wenye shahada wakisema mkutubi ali-borrow kitabu kwao, na mwenye lugha akisikia hivyo anaona mkutubi ndiye aliyeondoka na kitabu. Kuna na kusoma. Sisi tunasoma gazeti, tunasomea mtihani, na tunasema nilisoma Ndanda tukimaanisha shule. Neno moja, kazi tatu. Ukilivusha hivyo hivyo kwenda Kiingereza kwa read, utajikuta unasema kwamba wakati wa likizo "uli-read" maktaba siku nzima, kumbe ulikuwa unajiandaa na mtihani, na kitenzi chake ni study.

Halafu kuna hu-. Huenda, husoma, hukaa. Kiambishi kimoja kinabeba mazoea yote. Kiingereza hakina kitu kama hicho; mazoea ya sasa yanasemwa kwa wakati uliopo wa kawaida pamoja na maneno kama usually, na mazoea yaliyokwisha yana used to na would. Rudini kwa yule muuguzi. Jibu lake la kukariri lilikuwa na wakati mmoja tu, wa sasa, mwanzo hadi mwisho. Masimulizi yake ya kweli yalikuwa na mazoea yaliyopita (walikuwa wakiwahi meza), tukio la mara moja, hali ya sharti (msimu ukifika), na jambo linaloendelea hadi leo (ule mwandiko anaoukumbuka). Sarufi yote anayoitafuta mtahini ilikuwa imelala mle ndani. Nimefundisha nyakati za vitenzi kwa miaka mingi na sijapata zoezi la darasani lililozikusanya hivyo.

Matamshi nisiyarefushe. Wengi wetu wa Kusini l na r zinatuponyoka, na neno library limezibeba zote mbili. Lifanyie mazoezi mpaka litoke bila kusita, basi. Mtahini hatafuti lafudhi ya London kwako. Anatafuta kukuelewa bila kujitahidi.

Sehemu ya tatu ndiyo inayotisha, kwa sababu pale anaweza kukuuliza kama maktaba zitakufa kwa sababu ya intaneti, au kama ni kazi ya serikali kuzigharimia. Hapo nasikia watu wakikimbilia maneno makubwa. Lakini ukiwa na bando lililokata katikati ya kupakua kitabu, una hoja. Ukiwa na simu iliyoita mara sita ukisoma humohumo, una hoja nyingine. Na ukitaka historia, ipo ya kwetu: huduma ya maktaba za umma ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tu ya uhuru, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Serikali changa yenye shule chache iliona maktaba haiwezi kusubiri. Unaweza kuanzia hapo ukakubali au ukapinga, vyote ni sawa kwa mtahini.

Mwalimu mwenzangu, ambaye namheshimu, ananipinga. Anasema mwanafunzi wetu anaanza kusoma karibu masomo yote kwa Kiingereza akifika kidato cha kwanza, baada ya miaka saba ya Kiswahili, kwa hiyo hana maneno. Ukimnyang'anya jibu la kukariri umemwacha mtupu, atafunga mdomo. Kuna ukweli humo. Mimi mwenyewe kwa miaka niligawa karatasi za majibu, nikaona watu wakitulia wakizishika. Lakini nimeona pia wanavyorudi. Alama zimekaa palepale, na wao wanaamini kosa lilikuwa kwamba hawakukariri vizuri, wanaomba karatasi ndefu zaidi. Hilo linaniuma. Asiye na maneno apewe maneno: rafu, jalada, mkutubi, adhabu ya kuchelewesha kitabu, kupokezana, kunong'ona. Ishirini yanatosha kwa kuanzia. Sentensi aachiwe ajenge yeye, kwa mambo aliyoyaona yeye.

Nilimrudisha muuguzi wangu kwenye swali lilelile siku nne baadaye, safari hii kwa mtindo wa kadi: eleza mahali ulipozoea kujisomea. Dakika moja aliyopewa aliandika maneno matano tu, la kwanza likiwa kamusi. Alianza kwa kusitasita, akakosea wakati wa kitenzi mara mbili, mara moja akajisahihisha mwenyewe. Alipofika kwa rafiki yake wa mwandiko alisimama, akatafuta neno, akalikosa, akazunguka kwa maneno mengine mpaka akafika. Niliacha kuangalia saa.

"Madam," akaniuliza alipomaliza, "ile kamusi bado ipo kweli?"

Sikujua. Jumamosi hii nina watahiniwa wengine wawili, mmoja anatoka Lindi na basi la asubuhi. Nimewaambia wasije barazani kwangu. Tutakutana maktaba, saa tatu, meza ya dirishani, na kabla hatujaanza nitamwomba mkutubi atuonyeshe kamusi alizonazo.