Jiko limeikataa sufuria yangu

Nimehamia nyumba nyingine hapa Hamburg, na jikoni kuna lile jiko la kioo linalopasha kwa sumaku. Nikateleka sufuria yangu ya Kariakoo, maji ya ugali ndani. Jiko likalia pii, pii, likazima. Nikarudia. Pii.

Kisa ni alumini: sumaku haiishiki, na jiko hili linataka chuma. Basi nikabandua sumaku ya kwenye friji, nikaenda nayo dukani kupima vitako vya masufuria. Muuzaji akanionyesha ya tambi, ya maziwa, ya mayai, ya samaki ndefu kama mtumbwi. Nikamwuliza, ya kupikia ni ipi? Hakunielewa.

Najua mnavyonong'ona huko. "Huyo keshafika Ulaya, anakuja kutufundisha sufuria." Jamani, si ndiyo naitetea! Leo umepikia wali, umepalia mkaa juu ya mfuniko. Kesho maharage. Keshokutwa umemwaga mchanga ndani, unaoka keki. Alumini inapitisha joto kama mara 10 kuliko stenlesi, ndiyo maana mkaa kiganja kimoja unatosha. Na kazi ikiisha zinaingiana zote, kubwa inabeba ndogo. Huku kabati limejaa, na cha kupikia pilau ya watu 10 hakuna.

Ila masikio. Mbona haina masikio? Mama zetu wanaipua kwa matambara mpaka leo, na ugali mtu anausonga kabana sufuria kwa miguu. Mafundi chuma wa Gerezani, pale Dar, wanaunda mageti, ribiti mbili za sikio ndizo zimewashinda? Usiniambie zenye masikio zipo. Zipo, za wageni, zimefungiwa kabatini sebuleni! Na wewe unayejiandaa kusema masikio yatazuia zisiingiane: haya, hapo umenipata. Lakini vidole havina spea.

Mwishowe nimenunua ya chuma kizito, lita 5, mfuniko nao mzito. Inaingia kwenye oveni, wali unakauka karibu kama wa kupalia. Kuiinua ikiwa imejaa, kiuno kinalalamika, na ukoko wake si ule. Ya Kariakoo nimeitafutia jiko la koili, liko kibarazani. Jumamosi napikia huko, jirani wa juu akichungulia.