Bakuli la Sukari Halikabi

Klabu yetu imesajili mchezaji mpya tena. Picha ya kushika jezi imeshatoka, tabasamu mpaka jino la mwisho, na kocha ameanza kutuandaa kisaikolojia: apewe muda auzoee mfumo. Jamani! Mlipokuwa mnahesabu mamilioni, huo mfumo ulikuwa umesafiri?

Nikamwuliza shemeji, maana ndiye mtaalamu wa familia. Heri ningenyamaza. Akakusanya vikombe vyote vya chai, akapanga mabeki watatu, viungo, na bakuli la sukari mbele.

"Huyu ndiye Lukaku. Mshambuliaji, Chelsea walimnunua 2021, pauni milioni 97.5. Sasa kocha Tuchel anataka namba tisa, yaani mshambuliaji wa kati, akabe." Bakuli likasukumwa kushoto. "Ashuke kuchukua mpira." Likarudi nyuma, likamgonga kiungo, chai ikamwagika. "Atanue uwanja." Likafika ukingoni mwa meza. Kikombe changu ndiye beki wa kulia, hakijatiwa sukari, na nimekatazwa kukigusa nisivuruge umbo la timu.

"Shemeji, naomba sukari."

"Subiri, hatuna mpira."

Nikasema, kwa heshima zote za ukweni: Februari 2022, dhidi ya Crystal Palace, huyo bwana alicheza dakika 90 akagusa mpira mara saba, na mguso mmoja ulikuwa wa kuanzisha mpira katikati. Mara saba! Muokota mipira anaaga akiwa na mingi kuliko hiyo.

"Lakini Chelsea ilishinda 1-0," akasema, huku akipangusa kiungo wake.

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Kama mnashinda bila yeye kuugusa, mlimnunua wa nini?

Barcelona ndiyo usiseme. Mwaka 2009 waliwapa Inter ya Italia mshambuliaji wao Eto'o na fedha juu wampate Ibrahimović. Kocha Guardiola akamweka Messi katikati, jitu la watu likakosa pa kusimama. Msimu huohuo Eto'o na Inter wakawatoa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, wakabeba kombe. Coutinho wakamkopesha Bayern, naye mwaka 2020 akawafunga mawili katika zile 8-2 walizopigwa na Bayern. Mali yao wenyewe!

Na sasa mtoto ananidai jezi yenye jina la huyu mpya. Mwanangu, Januari akitolewa kwa mkopo utaivaa wapi, kitandani? Isitoshe jina lenyewe ni refu, herufi zinalipiwa mojamoja, na ukifua tu zinaanza kubanduka. Kama lazima wasajili, basi wasajili watu wenye majina mafupi.