Haskell au Java: mabishano ya Austin bado yanatuhusu

Mwaka 2001 Edsger Dijkstra, mmoja wa vigogo wa sayansi ya kompyuta, aliliandikia baraza la bajeti la Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akipinga Haskell, lugha ya programu yenye mtindo wa kihisabati, kuondolewa kwenye somo la utangulizi ili Java, lugha inayotumika sana kazini, ishike nafasi yake. Alishikilia kwamba programu ya Haskell inachambulika kama hesabu, na kwamba zana tunazojifunzia ndizo zinazotujenga.

Waliotaka Java walikuwa na sababu. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo anajua kwamba akienda kwenye mafunzo kwa vitendo ataulizwa lugha kama Java, PHP au Python. MIT nayo, chuo cha teknolojia cha Marekani kilichofundisha utangulizi kwa Scheme, lugha yenye mtindo wa karibu na Haskell, tangu miaka ya 1980, ilihamia Python mwishoni mwa miaka ya 2000. Gerald Sussman, mwasisi mwenza wa somo lile, alieleza kuwa mhandisi wa sasa hajengi kila kitu tangu msingi. Anaunganisha maktaba kubwa, yaani mikusanyo ya msimbo ulioandikwa na wengine, na inabidi azijaribu ili aone zinavyofanya kazi. Kwangu hoja hii ni nzito kuliko ile ya ajira.

Hata hivyo, Dijkstra aliona mbali. Chukua kazi ya kujumlisha namba shufwa zilizomo kwenye orodha. Kwa Java ya wakati ule unatenga nafasi iitwayo jumla, unaipa sifuri, unapita namba moja moja, unapima, unaongeza. Kwa Haskell unaandika sum (filter even namba), yaani chuja shufwa kisha jumlisha, basi. Prolog, lugha ya kuandika kanuni za mantiki, inashangaza zaidi: kanuni ileile inayounganisha orodha mbili, ukiipa jibu [1,2,3], inakurudishia njia zote 4 za kuligawa, bila wewe kuongeza hata mstari mmoja.

Na Java yenyewe ilikuja kuazima mawazo hayo. Toleo la 8, la mwaka 2014, lilileta lambda, yaani vipande vidogo vya msimbo visivyo na jina, na mtindo wa kuchuja orodha bila kuandika kitanzi cha kupita namba moja moja. Aliyefundishwa Haskell mwaka 2001 aliukuta kama jambo la kawaida. Aliyejua Java peke yake alianza kujifunza upya.

Ndiyo maana naunga mkono somo la kulinganisha lugha za programu. Ninachokataa ni somo hilo kugeuka gwaride: lugha kumi kwa muhula mmoja, jedwali la kukariri, kisha mtihani wa “taja tofauti nne”. Hapo wanaolipinga wana haki kabisa. Afadhali lugha chache na programu moja. Mpe mwanafunzi daftari la wakala wa pesa za simu. Kwanza aliandike kwa mtindo wa vitu, kama wa Java, salio likibadilishwa kila muamala. Kisha aliandike upya kwa mtindo wa Haskell, bila kubadilisha thamani yoyote, kila muamala ukizaa salio jipya. Ataona kwamba la pili linabaki na historia yote, hivyo kosa likitokea anaweza kulifuata hadi lilipoanzia. Ataona pia gharama yake: nafasi kubwa zaidi kwenye kumbukumbu ya kompyuta na msimbo ambao mgeni anausoma kwa shida.

Ila somo hili ningeliweka mwaka wa pili, na hapo natofautiana na Dijkstra. Ambaye hajawahi kukesha akitafuta ni sehemu gani ya programu iliyobadilisha salio lake bado hana cha kulinganisha.