Moyo ukirudi, tazama mfuko wa mkojo

Moyo uliosimama ukianza tena kupiga, macho ya chumba cha wagonjwa mahututi hukimbilia presha na oksijeni. Ni sawa kabisa. Ila chini ya ubongo iko tezi ya pituitari, yenye uzito wa karibu nusu gramu, nayo imekosa damu dakika zile zile. Habari zake hazionekani kwenye monita, bali kwenye mfuko wa mkojo, na naamini tunautazama kidogo mno.

Sehemu ya nyuma ya tezi hii hutoa vasopresini, homoni inayofanya figo zibakize maji. Wakati wa kukandamiza kifua homoni hiyo huwa juu sana. Shida huja baadaye, ubongo ulioumia unapovimba na haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu ya tezi ambako homoni hiyo hutengenezwa, ikashindwa kazi. Hapo mkojo humwagika, mwepesi na mweupe kama maji.

Ukizidi mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, usifurahi kwamba figo zimeamka. Pima sodiamu ya damu. Ikipita milimoli 145 kwa lita na mkojo bado ni mwepesi, shuku pituitari, ukiwa umeshaangalia kama kuna dawa za kuongeza mkojo kama manitoli au furosemidi, sukari ya juu, dripu nyingi za mwanzo, au mwili kupoozwa, maana ubaridi nao huongeza mkojo.

Kosa linaloniuma zaidi ni kuendelea kumwaga salini, yaani dripu ya maji ya chumvi, presha ikiwa imeshatulia. Kilichopotea ni maji, chumvi imebaki. Mgonjwa wa kilo 70 mwenye sodiamu 160 amepungukiwa na takriban lita 6: 0.6 (sehemu ya uzito iliyo maji) mara 70, mara 20 (ziada juu ya 140 ya kawaida) gawa kwa 140. Mpe maji kwa mrija wa pua, au dekstrosi (maji ya sukari) ya 5% kwa mshipa huku ukipima sukari, pamoja na desmopresini, dawa inayoiga vasopresini, maikrogramu 1 hadi 2. Dawa hiyo ikikosekana, fidia kila saa kinachotoka. Sodiamu isishuke zaidi ya milimoli 10 kwa lita kwa siku, kwani ikiporomoka ubongo huvimba zaidi. Ipime kila baada ya saa 4, na mkojo ukipungua, punguza pia maji unayompa, la sivyo sodiamu utaivusha upande wa pili, ishuke mno.

Sehemu ya mbele ya tezi huamrisha kortisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha. Presha ikigoma licha ya adrenalini, haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, miligramu 200 kwa siku ni jambo la kufikiriwa, hasa kama mgonjwa alipewa usingizi kwa dawa ya etomideti, ambayo huzima utengenezaji wa kortisoli. Kumpa kila mtu, hapana. Utafiti wa Denmark wa 2021 uliochanganya vasopresini na steroidi (dawa za jamii ya kortisoli) wakati wa kukandamiza kifua ulirudisha mioyo mingi zaidi, 42% dhidi ya 33%, lakini waliokuwa hai siku ya 30 hawakuongezeka.

Mkojo wa namna hii mara nyingi huashiria ubongo ulioumia vibaya. Hata hivyo usitumike peke yake kukata tamaa, na kipimo cha kifo cha ubongo kisubiri sodiamu irekebishwe, kwa sababu sodiamu ya 170 yenyewe inatosha kumzimisha mtu fahamu.