Mzizi wa Gabon kwenye vidonda vya askari wa Marekani

Juni 2025 gavana wa Texas, Greg Abbott, alitia saini sheria inayotenga dola milioni 50 kwa majaribio ya ibogaini, kemikali iliyomo kwenye gome la mzizi wa iboga, kichaka cha misitu ya Gabon na majirani zake. Texas haina sifa ya kulegeza kamba kwenye dawa za kulevya, na sheria ya Marekani bado inaiweka ibogaini daraja moja na heroini. Miongoni mwa waliousukuma muswada huo walikuwamo wanajeshi wastaafu na gavana wa zamani Rick Perry. Wastaafu hao wanasema mzizi uliwarudishia usingizi, ndoa na hamu ya kuishi baada ya vita.

Naona madai yao yana uzito. Shida ni kwamba kemikali, ibada inayoambatana nayo na watu wanaomzunguka mgonjwa vinauzwa kama kifurushi kimoja, wakati hatujui kila kimoja kinachangia nini.

Ushahidi unaonukuliwa zaidi ulitoka Chuo Kikuu cha Stanford Januari 2024. Watafiti waliwapima wanaume 30 waliotumikia vikosi maalumu, wote wakiwa na historia ya kuumia ubongo, kabla na baada ya kwenda kliniki moja Mexico kumeza ibogaini pamoja na magnesiamu ya kulinda moyo. Mwezi mmoja baadaye dalili za kiwewe zilikuwa zimeshuka kwa wastani wa asilimia 88, sonona 87 na wasiwasi 81. Aliyewahi kuishi na mgonjwa wa sonona sugu anajua kwamba namba za namna hiyo hazipatikani kirahisi, na hakuna aliyepata madhara makubwa ya moyo.

Ila hapakuwa na kundi la kulinganishia. Watu 30 walisafiri hadi nchi nyingine wakiwa na matumaini makubwa, wakahudumiwa kwa makini, kisha wakaulizwa wanajisikiaje. Hata ukitaka kulinganisha na kidonge tupu, aliyemeza ibogaini anajua mapema kabisa kwamba hakupewa unga wa muhogo. Tatizo hilohilo liliwasumbua watetezi wa MDMA, kemikali ya dawa ya kulevya iitwayo ecstasy, ambao maombi yao ya kutibu kiwewe yalikataliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani Agosti 2024. Watanzania hatuhitaji mwalimu kuhusu nguvu ya matumaini: mwaka 2011 maelfu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500, wengi wakirudi na ushuhuda wa kupona, na wengine wakaacha dawa za kufubaza virusi. Ushuhuda wa dhati na dawa inayofanya kazi ni vitu viwili.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba yote ni matumaini. Mwaka 1962 kijana wa New York, Howard Lotsof, mtumiaji wa heroini, alimeza ibogaini kwa udadisi tu, akitafuta ulevi mpya. Athari zilipoisha akagundua kwamba arosto haikumpata na hamu ya heroini haikuwepo. Hakuwa akitarajia kupona chochote. Tangu hapo panya wa maabara, ambao hawana imani wala mganga, wameonekana kupunguza matumizi ya kokeini na mofini wakipewa ibogaini. Kuna kitu ndani ya gome lile.

Kitu hicho pia kinaua. Mapitio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 2012 yalihesabu vifo 19 vilivyotokea kati ya 1990 na 2008, ndani ya saa 76 baada ya kumeza. Ibogaini huziba njia ambazo potasiamu hupitia ili seli ya moyo ijiandae kwa pigo linalofuata, na moyo ukikosa mpangilio huo unaweza kupoteza mapigo na kusimama. Mwili huigeuza kuwa noribogaini, inayobaki kwenye damu kwa siku kadhaa. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye upungufu wa potasiamu au anayetumia methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, yuko hatarini zaidi. Kliniki makini hupima ECG, yaani umeme wa moyo, kabla na kumwunganisha mgonjwa na mashine ya kufuatilia moyo usiku kucha. Kambi inayotangaza "safari ya kiroho" kwa picha za mishumaa na maua haina mashine hiyo, na mteja haulizi kwa sababu ameambiwa mmea hauna madhara kwa kuwa ni wa asili. Hapa sioni pande mbili za kupima: anayempa mtu iboga bila kupima moyo anacheza na roho ya mtu.

Watetezi wa kambi hujibu kwamba Waafrika wametumia mzizi huu kwa vizazi bila ECG. Ni kweli, lakini tazama wanavyoutumia. Katika Bwiti, dini ya Wamitsogho wa Gabon na majirani zao ambayo baadaye Wafang waliipokea na kuichanganya na Ukristo, mwali huitwa banzi. Hula gome lililosagwa kidogo kidogo, mkesha mzima, huku kinubi cha ngombi chenye nyuzi nane kikilia na wazee wakimtazama macho na miguu, wakimwuliza ameona nini. Anapakwa rangi, anaungama, anakutana na wahenga wake. Asubuhi haagani na mtu kwenda uwanja wa ndege. Amepata baba na mama wa kiroho, na mwali mwingine akiingia atakuwepo kukesha naye. Msomaji aliyelelewa kwenye jando au unyago ataelewa haraka. Wapo wanaoingia Bwiti kwa sababu ya ugonjwa, lakini wanachopewa ni nafasi ndani ya jamii, na dawa ni sehemu yake.

Je, nafasi hiyo peke yake inatibu? Kivu ina jibu la sehemu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio kwenye vijiji vya mashariki ya Kongo, kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Baadhi ya vijiji vilipata vikao vya kikundi, wanawake wachache wakikaa pamoja kujifunza kupima upya mawazo yaliyoachwa na tukio, wakiongozwa na wasaidizi wa hapohapo waliopewa mafunzo. Vingine vilipata msaada wa mtu mmojammoja. Miezi sita baadaye, wenye dalili za kufikia sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi na 42 kwenye msaada wa mtu mmojammoja. Vita vilikuwa bado vinaendelea, na hakuna aliyemeza mzizi wowote. Kila ninaposoma kwamba kiwewe kizito hakisikii tiba ya mazungumzo, nawakumbuka wanawake hao.

Mstaafu wa Texas atanijibu kwamba yeye alikaa kwenye mazungumzo miaka mingi, akameza kila kidonge, na bado alikuwa akifikiria kujiua. Hoja hiyo siwezi kuipuuza. Kuna wasiofikiwa na tiba zilizopo, na kwao jaribio lenye daktari wa moyo pembeni ni jambo la haki kabisa. Ningependa tu fedha za Texas zilipie pia kundi la tatu, mbali na wanaopewa ibogaini na wanaopewa kidonge tupu: wastaafu wanaopata kikundi, mkesha na ufuatiliaji wa miezi, bila ibogaini. Bila kundi hilo tutabishana tena baada ya miaka kumi.

Halafu kuna mwenye mzizi. Gabon iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, na ilikuwa nchi ya kwanza kuridhia Protokali ya Nagoya, mkataba wa kimataifa unaotaka wenye maarifa ya jadi wagawiwe faida ya kibiashara. Mwaka 2019 ikasimamisha usafirishaji wa iboga, kwa sababu majangili walikuwa wakiing'oa msituni na kuiuza kwenye mitandao. Lakini ibogaini inaweza pia kutengenezwa kutokana na mti mwingine wa Afrika, Voacanga africana, na kampuni zinatafuta kemikali za bandia zinazofanana nayo bila kugusa moyo. Zikifanikiwa, hazitahitaji hata kilo moja ya gome kutoka Gabon, na kisheria huenda zisidaiwe chochote. Watetezi wa dawa hii hupenda kuwataja Wabwiti kwenye hotuba zao. Wakati mzuri wa kuweka fungu lao kwa maandishi ni sasa, kabla kampuni hazijapata hataza, yaani haki za uvumbuzi, za kemikali hizo.