Saba ya Shemeji

Leo asubuhi nimekunywa vikombe vitatu vya kahawa bila kashata, kwa hasira tu. Nimekaa zangu barazani Mwembetanga, sijamchokoza mtu, nasubiri wazee wa dhumna wamalize na mie nipate zamu. Mara shemeji huyo anapita na kanzu yake ya Muscat, inanukia udi tangu kona ya pili. Mzee mmoja akamuuliza habari za gofu, ule mchezo wake wa kuupiga mpira kwa fimbo halafu kuufuata mwenyewe. Shemeji akasimama, akakohoa.

"Alhamdulillahi. Saba yangu sasa naipeleka mia na sabini."

"Mashallah!" wakaitikia wote, na dhumna zikasimama kidogo kwa heshima. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mia na sabini nini. Mita? Hatua? Shilingi?

Na mie mwenye ushahidi, mie niliyelibeba lile begi lake la fimbo Jumamosi mpaka mkanda ukaniachia alama begani kama punda wa chokaa, nikanyamaza. Nimenyamaza kwa sababu mota yangu ya maji ni ya shemeji. Yaani ni yangu, fedha ndiyo zake, na tangu Rajabu kila tukikutana anaiulizia hali kama mgonjwa. "Mota haijambo?" Haijambo shemeji, inakusalimu. Mtu kama huyo humwambii hadharani kwamba saba yake haifiki.

Saba ni fimbo ya chuma, namba saba. Begi la gofu mwisho wake ni fimbo 14, kanuni hairuhusu kuzidi, na aliyeitunga namwombea dua kwa sababu mbebaji ni mie. Vile vyuma vina namba. Namba ndogo kichwa kinasimama, mpira unakwenda chini na mbali. Namba kubwa kichwa kinalala, mpira unapaa juu na kuanguka karibu. Elimu yote ndiyo hiyo, iliyobaki ni suruali nyeupe.

Halafu umbali wao wanauhesabu mara kwa mita, mara kwa yadi. Yadi niijuayo mie ni ya duka la vitambaa Darajani, kutoka puani mpaka ncha ya kidole, na ukimpata muuzaji wa mkono mfupi basi gauni la mke wako linarudi kwa fundi halina mikono. Yadi 170 ni sare ya harusi ya ukoo mzima na mapazia juu. Kwa mita ni 155. Nimepiga hesabu mwenyewe, nyuma ya karatasi ya muhogo.

Sasa hiyo Jumamosi. Shemeji alinambia, "Njoo unisindikize tu, upunge upepo." Kusindikiza kwenyewe ni kule kaskazini ya mji, uwanja wa mashimo tisa, na ukitaka kumi na nane unaanza tena kama mtoto aliyeangushwa darasa. Nikavaa shati langu la Idi. Tulipofika akafungua buti, akanitwika begi, na yule kijana wa pale ambaye kazi yake ni kubeba akaambiwa yeye atafute mipira tu. Nikajiona mtu wa maana kwa dakika mbili hivi, mpaka mkanda ulipoanza kuuma.

Tukafika kwenye shimo moja fupi, la kufika kwa pigo moja. Shemeji akatoa kidude chake cha kupimia, kama darubini, akafumba jicho. "Mita mia na thalathini na tano." Akacheka. "Hii si hata saba. Hii tisa yangu."

Yule kijana akanitazama. Mie nikatazama bahari.

Akachukua tisa. Akajipanga, akatikisa kiuno kama anayeingia kwenye msondo, akapiga. Mpira ukapanda vizuri, wallahi, ukapanda mpaka nikadhani utarudi na barua. Halafu ukashuka kwenye magugu, nusu kubwa ya njia, si zaidi. Shemeji akaiangalia ile fimbo kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Kusi," akasema.

Kusi! Upepo wa Kusi umesukuma majahazi kutoka hapa mpaka Arabuni na Bara Hindi karne na karne, umebeba karafuu na pembe, leo umekosa kazi umekuja kuuzuia mpira wa shemeji wenye gramu 45 na kitu. Na kwa haki ya Mungu, siku hiyo ulikuwa unavumia mgongoni mwetu. Kofia yangu ilikuwa imetangulia mbele.

"Nipe nane." Nikampa nane. Magugu yaleyale, mlango wa pili.

"Kidude hichi kibovu," akasema, akakipangusa kwa ncha ya kanzu ambayo hakuivaa, yaani alishika hewa, mazoea. "Nipe saba. Saba ni saba."

Hapo yule kijana, miaka kama kumi na tisa, mpole, amelelewa, akafanya kosa. Akasema, "Mzee, chukua tano."

Sijui nikufananishie na nini. Ni kama kwenda karamuni, mama wa bibi harusi mwenyewe kakupakulia biriani, ukamwambia masala hayajakolea. Shemeji akamgeukia polepole. "Tano? Mie? Mita mia na thalathini na tano, tano? Tano ni ya wazee, kijana. Tano anapiga mtu mwenye ugonjwa wa mgongo."

Mwenye ugonjwa wa mgongo nikawa nimesimama pale na begi.

Akaipiga saba. Safari hii haikufika hata magugu ya mwanzo, kwa sababu aliipiga kwa ghadhabu na ghadhabu haina yadi. Jua limekaa utosini. Nyuma yetu kuna wageni wanne wanasubiri kwa adabu ile ya Kizungu ya kutazama saa ya mkononi. Adhuhuri inakaribia. Shati la Idi limenigandia. Na shemeji ameshatoa mpira wa nne: "Nipe saba tena, hii sasa ndiyo yenyewe."

Basi nisameheni. Namba huandikwa kwenye wayo wa chuma, chini kabisa, na pale karibu palikuwa na tope la bomba la kunyunyizia. Nikaitoa tano, nikaikanyagisha tope kidogo kama bahati mbaya, nikampa. Inaizidi saba urefu kama inchi moja, lakini mtu aliyekasirika hapimi inchi. Yule kijana aliona. Akageuka, akaanza kukohoa.

Shemeji akapiga. Mpira ukatoka chini, ukanyooka, ukaanguka pale kwenye majani ya kunyolewa na kukaa karibu na bendera kama paka aliyefika kwao.

"UMEONA!" Alipiga ukelele mpaka kunguru wakaruka. "Saba hiyo! Si nilikwambia? Mia na thalathini na tano!"

Nimeona shemeji. Nikaipokea fimbo haraka, nikaifuta kwa shati la Idi.

Kwa hiyo ule uongo wa barazani mama yake ni mie. Nao umekua kwa siku nne tu. Jumamosi jioni ulikuwa mita 135. Jumapili kwa mama mkwe ukageuzwa yadi, 148, ambazo ni kitu kilekile ila zinasikika zimenenepa. Jumatatu 150, tusihangaike na vipande. Leo 170. Bei ya vitunguu mwezi mtukufu haijapata kupanda hivyo.

Niliporudi kutoka barazani nikatafuta kwenye simu, maana niliona huenda namdhulumu mtu. Wale wanaume wanaolipwa kucheza kule Marekani kwenye mashindano yao makubwa, walipopimwa kwa mitambo ya rada, saba yao kwa wastani ilikwenda hewani yadi 172 hivi. Wanawake wa mashindano yao, yadi 141. Hao ndio wanaoamka na fimbo na kulala na fimbo. Yaani shemeji, mwenye sukari, aliyeanza mchezo baada ya kustaafu, amepungukiwa na mabingwa kwa yadi mbili. Nilitaka kusoma na ya watu wa kawaida, bando likakata. Lakini ya mtu wa kawaida nimeibeba mwenyewe.

Kuna na jengine alilonionesha yule kijana tulipokuwa tunatafuta mipira. Alikuwa na chuma chake cha zamani, kina kutu, namba tano. Akakiweka sambamba na saba mpya ya shemeji. Vimelala sawasawa! Akanieleza kuwa saba za zamani zililala nyuzi 36 hivi, na za siku hizi watengenezaji wamezisimamisha mpaka nyingine zipo kwenye 30 na chini yake. Kichwa cha tano, jina la saba. Mnunuzi anapiga saba ya dukani, inakwenda mbali kuliko ya mwaka jana, analia kwa furaha, analipa. Chuma kimepandishwa cheo bila kufanya mtihani, na sote tunajua ofisi za namna hiyo.

Hapa kwetu hesabu inakwenda kinyumenyume tu. Boflo linabaki na jina lake na bei inapanda, lenyewe linapungua mpaka unaona taa upande wa pili. Fungu la dagaa ni fungu, lakini siku hizi lina hewa katikati. Saba ya dukani inanenepa, boflo linakonda, na wote wawili wanakwambia hakuna kilichobadilika.

Hata huko juu ni hivyohivyo. Mwaka 1971 Mmarekani Alan Shepard wa Apollo 14 aliupiga mpira juu ya mwezi, kwa kichwa cha chuma namba sita alichokichomeka kwenye mpini wa kifaa cha kuchotea udongo. Akatangaza dunia nzima isikie: maili na maili na maili. Miaka 50 baadaye wakazikuza picha wakapima: mpira mmoja yadi 24, wa pili yadi 40. Haya, alikuwa amevaa suti kama godoro, anapiga kwa mkono mmoja, nampa udhuru. Wamarekani hao walikuwa na kituo hapahapa Unguja, kule Tunguu, cha kufuatilia vyombo vyao vya angani, kikafungwa 1964. Kingekuwepo bado, asingekosekana mzee wa Tunguu wa kumwambia, "Mwanangu, arubaini."

Na nani hatii chumvi? Konda wa daladala 502 anakwambia nyuma kweupe, na wewe umekalia goti la mtu. Dalali alinionesha kiwanja "hatua mbili kutoka lami", tukatembea mpaka viatu vikaomba talaka. Fundi wangu wa mlango alisema kesho, na kesho yenyewe ina miezi mitano sasa, imeanza kutambaa.

Ila hao hawanidai kunyamaza. Shemeji kanipigia simu sasa hivi. Jumamosi hii anakuja na wageni watatu kutoka Muscat, wacheza gofu, wanataka kuiona saba kwa macho yao. "Na wewe uje, shemeji, una mkono wa baraka. Mota haijambo?" Nikamwambia haijambo. Akasema hivi vyuma amevipeleka kusafishwa, vinang'ara, namba zimepakwa rangi nyekundu.

Nilikuwa nafikiria homa ya kusingizia, ile isiyohitaji kwenda kupimwa, mke wangu akaniita kutoka uani. Maji yametoka! Nimeruka na ndoo mbili, nikaufikia ukuta, nikawasha mota ya shemeji.

Umeme umekatika.