Msiwapime Wanafizikia wa Plazima kwa Balbu

Juzi nilimsikia mtu akiihukumu kwa sentensi moja kazi ya mwanafizikia aliyetumia maisha yake kuiga kwa kompyuta mwenendo wa plazima, yaani gesi ya moto mkali mno ambayo elektroni zake zimeachana na viini, inayotarajiwa siku moja kutupa umeme kwa kuunganisha viini vya atomi: "Miaka yote hiyo, na hajawasha hata balbu moja!" Waliokuwapo wakacheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu kipimo hicho ndicho wanachokitumia wafadhili pia, ila wao hukivalisha suti.

Elektroni ni nyepesi kuliko kiini cha haidrojeni nzito kwa takribani mara 3,670, kwa hiyo huenda mbio mno. Ukiiagiza kompyuta ifuate kila mzunguko wake ndani ya uga wa sumaku unaoishikilia plazima, hutaimaliza hata sekunde moja ya maisha ya tanuri la kuunganishia viini. Mtafiti hulazimika kuchagua cha kuacha: huuchukua mzunguko wa chembe kama pete moja, kisha huifuata pete hiyo inavyosukwasukwa na misukosuko inayovujisha joto. Kuthibitisha kwa vipimo vya maabara kwamba alichokiacha hakikuwa na uzito kunaweza kula miaka, ilhali mkononi ana mkataba wa miaka miwili unaodai "matokeo yanayoonekana". Hongera kwao walioubuni!

Tazameni Wendelstein 7-X, mashine ya majaribio inayoishikilia plazima kwa sumaku kule Greifswald, Ujerumani. Umbo la koili zake 50 zilizopindapinda lilitokana na ukokotoaji wa tangu miaka ya 1980, lakini plazima ya kwanza iliwashwa Desemba 2015. Mwaka uliofuata ikachapishwa kwamba kasoro ya uga wake wa sumaku haikufikia sehemu moja katika 100,000. Waliokokotoa wangepimwa kwa balbu, wangekuwa wamefukuzwa zamani, na mafundi wasingekuwa na umbo la kuunda.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanasayansi wenyewe wamechochea kejeli hizi. Desemba 2022 maabara ya NIF, Marekani, inayounganisha viini kwa leza, ilipata megajuli 3.15 za nishati kutokana na megajuli 2.05 za leza, na shangwe zikafunika ukweli kwamba leza hizo zilivuta takribani megajuli 300 za umeme. Tena ile hali ya plazima kushika joto vizuri zaidi, iliyogunduliwa katika mashine ya ASDEX mwaka 1982, ilionekana maabarani kabla ya nadharia kuitarajia. Kwangu hiyo ni sababu ya kuongeza wakokotoaji, wala si kuwapunguza.

Mwandishi wa programu ya kuigia plazima anapoondoka kwa kukosa mkataba, anayemrithi hukuta maelfu ya mistari, na katikati yake namba iliyochomekwa bila neno la maelezo. Akiifuta, matokeo yanaharibika. Akiiacha, hajui anatetea nini. Wanaolipia matengenezo ya sumaku walipie na ya programu, wamwajiri mtu wa kudumu wa kuitunza, asiyelazimika kuomba upya kazi yake kila mara.